Bibi Mizani na Tani Kumi na Tisa za Watoto

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Afya na Lishe Shuleni atarudisha ufunguo wa chumba namba nne na kuhitimisha miaka thelathini na minne ya utumishi. Miaka kumi na miwili ya mwanzo alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Ishirini na miwili iliyofuata amekuwa nasi hapa Idarani, na kumi na tisa kati ya hiyo tumekaa chumba kimoja, meza yake dirishani na yangu mlangoni, kwa sababu mimi ni karani wa masjala na karani wa masjala ndiye mwenye haki ya kupigwa na upepo. Kamati ya maandalizi iliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa ninamfahamu kuliko wote. Iliniomba pia mambo fulani nisiyaandike. Ombi hilo la pili nimelipokea, nimeligonga muhuri na kulifungulia faili.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye hati ya mshahara, na leo si siku ya kuanza kulijua. Mizani nitakayoisimulia ilipofika, aliitwa Dada Mizani. Miaka ikasonga, akawa Mama Mizani. Tangu azaliwe mjukuu wake wa kwanza ni Bibi Mizani, na hakuna aliyeandika barua ya kuomba mabadiliko hayo. Jina lilipanda lenyewe, kwa wakati, bila kungoja kikao. Ni kitu pekee kilichowahi kupanda hivyo katika ofisi hii.

Alikuja na filimbi shingoni kutoka uwanjani na hajaivua mpaka leo. Msemaji akizidisha dakika tano kikaoni, filimbi. Mtu akitia kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai, filimbi. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, alizoea kukorogea chai yake stoo, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, na nina hakika baadhi ya makaratasi ya ofisi hii yaliyopotea yalikunjwa kuwa vijiko vya chai hiyo. Kuna mwaka viti vyote vya ukumbi wa mikutano vilipelekwa matengenezo kwa amri ambayo hakuna aliyekiri kuitoa. Tukawa tunafanya vikao tukiwa wima. Kikao cha saa tatu nzima kikamalizika kwa dakika ishirini, na ajenda ya mengineyo, iliyokuwa ikila nusu ya siku, ikafa kifo cha kawaida. Viti viliporudi, watu walivitazama kama wanavyomtazama mkwe aliyekuja bila taarifa.

Kamati ilisema nisiitaje droo yake ya tatu, kwa hiyo siitaji. Nasema tu kwamba ina kufuli, na kwamba biskuti za maziwa hazijui kujifungia.

Lakini mzaha tuuweke kando kidogo, maana mwenzetu huyu alikuja hapa na jambo moyoni. Akiwa mwalimu wa michezo alikuwa ameanza kuona watoto wa darasa la tatu wanaopanda ngazi za ghorofa moja na kupumzika katikati, mkono kiunoni, kama wazee waliotoka hospitali. Wanakaa darasani saa sita, wanakunywa soda mapumziko, wanarudi nyumbani kukaa mbele ya televisheni. Uwanja wa shule yake ulikuwa umegeuzwa maegesho ya magari ya walimu. Alisema mtoto asiyecheza anaibiwa, na mwizi ni sisi. Ndiyo maana aliomba kuhamia Idarani. Alitaka kila shule ya msingi ya eneo letu iwe na dakika ishirini za michezo kila asubuhi, maji safi badala ya soda, na tunda moja kwa kila mtoto wakati wa mapumziko. Mambo matatu. Ukiyasikia unadhani yanamalizika kwa barua moja. Yalichukua miaka minane, barua mia nne na kumi na sita, na karoti.

Kuhusu karoti nitasema kwa ufupi kwa kuwa wahusika bado wapo. Mwaka ambao matunda yalikosekana, Bibi Mizani aliamua kila mtoto apewe karoti. Shule ya kwanza, watoto walizipokea kwa shangwe na kuzitumia kupigia ngoma kwenye madawati. Shule ya pili zilitumika kama panga. Shule ya tatu, mwalimu wa zamu alikuwa amepoteza nyundo ya kengele tangu muhula uliopita, na kwa wiki mbili shule nzima iliingia na kutoka darasani kwa mlio hafifu wa karoti. Bibi Mizani hakukata tamaa. Alishonesha vazi la karoti, la rangi ya chungwa kutoka kichwani hadi magotini na majani ya kijani juu, akalivaa na kuingia darasa la kwanza ili watoto waione karoti kama rafiki. Watoto thelathini na nane walitoka kupitia mlango na wawili kupitia dirishani. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona darasa likikimbia kwa ari kama ile, na kwamba kwa upande wa mazoezi, siku ile lengo lilifikiwa.

Hapo ndipo ilipokuja mizani.

Bajeti ya kununulia mizani za watoto haikupita, lakini ghala la vitabu lilikuwa na mizani moja kubwa, ile ya bamba pana la chuma chini na mkono wa kusogeza vyuma juu, ya kupimia marobota ya karatasi. Tulipewa hiyo. Ilikuwa na kasoro moja: haikusoma chochote chini ya kilo hamsini. Mtoto mmoja akipanda, mkono haukutikisika. Kwa mujibu wa mizani, hayupo. Bibi Mizani aliizunguka mara mbili akiitazama, kisha akawapandisha watoto kumi kwa pamoja. Mkono ukainuka. Kilo mia mbili na tisini na moja. Akaandika, akawashusha, akapandisha kumi wengine. Kabla ya mapumziko ya saa nne alikuwa ameipima shule nzima yenye watoto mia sita na arobaini na jibu lilikuwa moja, safi, lisilo na desimali: tani kumi na tisa.

Mimi nilikuwepo, nikishika daftari, na nakiri kwamba nilifurahi. Kazi ambayo ingechukua wiki mbili ilikuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Jioni ile akabuni Fomu Namba Saba, yenye kisanduku kimoja tu kilichoandikwa Uzito wa Shule. Mkuu wa Idara aliipenda fomu ile kuliko watoto wake wa kuwazaa. Alimpa Bibi Mizani cheti cha ubunifu mbele ya wafanyakazi wote, akaagiza kila shule ipimwe kila muhula, akachora jedwali ukutani nje ya ofisi yake, na chini ya jedwali akaweka kombe. Shule itakayopungua zaidi mwisho wa mwaka italichukua.

Nadhani mmeshaona tatizo. Sisi hatukuliona. Tulikuwa watu kumi na wanne wenye elimu, wawili kati yetu wenye shahada ya uzamili, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba watoto hukua.

Muhula wa kwanza shule zote ziliongezeka. Mkuu wa Idara akaandika barua za onyo, nikazichapa: Shule yako imeongezeka kilo mia nne na kumi na mbili, jieleze ndani ya siku saba. Walimu wakuu wakajieleza. Mmoja aliandika kwamba wanafunzi wake wamerefuka bila idhini yake. Muhula wa pili wakaacha kujieleza na kuanza kujipanga. Siku ya kupimwa watoto walikuja bila viatu, mifuko ikiwa mitupu. Kuna shule iliyomleta kinyozi. Kuna shule iliyoficha kwaya nzima maktaba, na ingefanikiwa kama kwaya isingeanza kuimba. Mwalimu mkuu mmoja aliripoti meno ya darasa la kwanza yaliyong'oka kama mafanikio ya programu, na akaambatanisha meno kwenye bahasha. Ninayo, sheria ya masjala hairuhusu kutupa viambatisho.

Mwisho wa mwaka shule moja ilishuka ghafla kwa tani tatu na nusu. Mwalimu wake mkuu alikabidhiwa kombe, akapanda jukwaani kutoa siri ya ushindi. Alisema ni nidhamu, uzalendo na ushirikiano wa wazazi. Alizungumza dakika ishirini na tano, na Bibi Mizani, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, hakupiga filimbi. Alikuwa ameinamia Fomu Namba Saba akihesabu kwa vidole. Darasa la saba la shule ile lilikuwa limemaliza na kwenda zao. Ndiyo siri yote.

Aliniambia siku ile, tukiwa tunarudi ofisini, kwamba fomu ina hitilafu na mwakani atairekebisha. Mwakani. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi.

Mwakani ulipofika, programu ilikuwa imekuwa mashindano na mashindano hayana masikio. Muhula wa kwanza, wiki ya kwanza, alipima shule ya kombe. Katika fungu moja alimwona binti wa darasa la nne, mnene, mpole, amesimama pembeni ya wenzake akijaribu kuchukua nafasi ndogo kadiri alivyoweza. Mwalimu wa zamu alikuwa amelipanga fungu lile watoto tisa badala ya kumi, binti yule akihesabiwa wawili. Bibi Mizani aliona, akakunja uso, akasema waongeze wa kumi, kazi ikaendelea. Wiki ya nne alikuwa shule ya pili, upande wa pili wa mji. Kwenye fungu la watoto tisa alimwona binti aliyefanana na yule. Wiki ya tisa alikuwa shule ya tatu, huko mwisho wa barabara ya lami, na kabla hajamwambia mtu yeyote apande, binti mmoja alitoka kwenye mstari, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani, akamwamkia.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi tena."

Bibi Mizani alipiga filimbi. Walimu wakadhani mtoto amekosea kitu. Akasema leo hapimwi mtu, akapanda gari la ofisi, akaniacha mimi na mizani pale uwanjani, na ilibidi nitafute mkokoteni.

Nilipofika chumba namba nne nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya mafaili yangu. Alikuwa amezipata barua tatu. Uhamisho wa kwanza, kwa sababu za kifamilia. Wa pili, kwa sababu za umbali. Wa tatu ulikuwa umeshaandikwa lakini haujaanza kutumika, kuanzia Jumatatu, kwa sababu za uwiano, na nafasi ya jina la shule ya kupokea ilikuwa wazi. Hakuna shule iliyokuwa imekubali. Kila mwalimu mkuu alimpokea kwa kulazimishwa, akamtoa kabla mahesabu ya muhula hayajafungwa, na wa mwisho alikuwa anamtoa kumpeleka popote. Barua zote tatu zilikuwa na muhuri wa masjala. Muhuri ule ni wangu. Nilikuwa nimeugonga mara tatu, nikaandika tarehe mara tatu, na sikusoma. Nina aibu nayo mpaka leo, na sitaki Kamati iniambie niitoe kwenye wasifu huu.

Na tafadhali lioneni jambo lilivyokuwa. Mizani ile haikuweza kumpima mtoto mmoja. Hakuna aliyewahi kujua binti yule ana kilo ngapi. Alikuwa anafukuzwa shule kwa uzito ambao haukuwahi kuandikwa popote.

Alasiri ile ile tulikwenda kwao. Mama yake ni fundi cherehani, anafanyia kazi kwenye chumba cha mbele, na alitupokea vizuri mno, jambo lililotuumiza zaidi. Alidhani tumekuja kumpongeza. Shule ya kwanza walimwambia mwanawe amechaguliwa kwa programu maalumu, ya pili wakamwambia programu imehamishwa. Alikuwa akimwamsha saa kumi na moja alfajiri ili awahi shule ya tatu, mwendo wa saa moja na robo kwa miguu, kwenda na kurudi saa mbili na nusu. Bibi Mizani aliipiga hesabu hiyo kimyakimya. Katika shule zetu zote arobaini na moja hakukuwa na mtoto anayefanya mazoezi kuliko yule aliyekuwa anaondolewa kwa ajili ya programu ya mazoezi.

Akamwuliza binti kuhusu zile dakika ishirini za asubuhi, anapenda mchezo gani. Binti akasema hajui. Kila shule aliyokwenda, wenzake wakitoka kucheza, yeye huwa anapewa masweta ayalinde. Alisema bila kulalamika. Alisema hata namna nzuri ya kuyakunja anaijua, mikono ndani, ili yasichanganyike. Bibi Mizani, aliyehangaika miaka minane kuzipata dakika zile, alitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamwambia mama mtu ukweli wote, kwamba fomu ni yake, kosa ni lake, na hakuna programu maalumu. Mama mtu alisimamisha cherehani. Hakutukana, hakulia mbele yetu. Binti ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo Jumatatu niende shule ipi?"

Bibi Mizani akamwambia atakuja mwenyewe kumpa jibu. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi aliingia kwa Mkuu wa Idara wa wakati ule na ukurasa mmoja unaoanza na maneno Kosa hili ni langu. Mkuu aliusoma mara mbili. Alisema fomu haina kosa lolote, wenye kosa ni watoto. Alisema takwimu zimeshakwenda juu na zimesifiwa. Kisha, kwa upole, akafungua jalada na kumwonyesha barua nyingine: ya kumthibitisha kazini kuwa Mkuu kamili wa Kitengo, baada ya miaka sita ya kukaimu. Ilikuwa inangoja sahihi tu. Wangeizungumza vizuri, alisema, baada ya mkutano wa walimu wakuu wa kesho. Bibi Mizani alitoka pale akijua amekalia kuti kavu. Alikuwa na watoto wawili chuoni na mume aliyestaafu mapema kwa maradhi. Nilimwambia, dada yangu, tulia, usije ukamwaga unga. Aliniomba nitafute watu wanne wenye nguvu na mkokoteni wa jana.

Ijumaa walimu wakuu arobaini na mmoja walipoingia ukumbini waliikuta mizani ya ghala katikati, bamba limepigwa deki, vyuma vinang'aa. Bibi Mizani alisimama pembeni yake na filimbi. Alitangaza, kwa sauti ile ile ya uwanjani, kwamba Kitengo kimebaini upungufu kwenye takwimu. Shule ina watoto, lakini pia ina walimu, na walimu nao wana uzito, na uzito wao haujawahi kuingia kwenye jedwali. Kasoro hiyo inarekebishwa leo. Watapanda kumi kumi, bila viatu. Matokeo yatabandikwa ukutani kwa majina ya shule. Na kwa kuwa mfano mwema hutoka juu, fungu la kwanza litaongozwa na Mkuu wa Idara.

Mwalimu mkuu wa kombe, ambaye kiti chake kilikuwa kikilia kila alipopumua, alikumbuka kwamba ana dharura. Mlangoni nilikuwepo mimi. Wengine walianza kuvua saa, miwani, mikanda. Mmoja alitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani kwa tahadhari, akaomba izingatiwe kwamba leo amekunywa maji mengi. Macho yote yakamwelekea Mkuu wa Idara, mtu aliyejaliwa mwili, naye akasimama, akafunga kifungo cha koti kilichogoma, akaacha, akasema kwa hasira ya haki kabisa kwamba uzito wa mtu ni siri yake na daktari wake, na hakuna ofisi yenye mamlaka ya kuutangaza ukutani.

Bibi Mizani akamwomba, kwa heshima zote, arudie polepole ili karani aandike.

Akarudia. Nikaandika. Akauliza kama kuna anayeunga mkono. Mikono arobaini na moja ilipanda kwa kasi ambayo programu yetu haikuwahi kuipata. Akauliza kama ulinzi huo unamhusu kila mtu aliye shuleni, akiwemo mtoto. Mikono ilikuwa bado juu, na kuishusha kungehitaji maelezo. Ndivyo lilivyopatikana Azimio Namba Moja la mwaka ule, ambalo liliifuta Fomu Namba Saba, jedwali, kombe na uhamisho wowote uliofanywa kwa sababu ya uzito. Lilipita kwa sekunde kumi na moja. Nililigonga muhuri pale pale, na safari hii nilisoma.

Tangu hapo hatupimi shule. Tunauliza mambo mengine: watoto wamecheza dakika ngapi, bomba la maji linatoa, matunda yamefika, je, uwanja ni uwanja au ni maegesho. Mtoto mwenye kuhitaji msaada wa kiafya huonwa na muuguzi, peke yake na mzazi wake, mlango umefungwa. Mzee wa kioski kilicho mbele ya shule ya kombe, aliyeapa kwamba soda ndiyo maisha yake, siku hizi anauza machungwa yaliyomenywa na kujisifu kwamba wazo ni lake. Shule ishirini na sita zina misafara ya miguu, watoto wa mtaa mmoja wakienda shule pamoja na mzazi mmoja mbele na mmoja nyuma. Wakaguzi waliokuja mwaka jana walisema watoto wetu wana pumzi. Mmoja wao alijaribu kupanda ngazi nao na ilibidi aletewe kiti.

Barua ya kumthibitisha haikusainiwa. Mkuu yule alistaafu, akaja mwingine, akaja mwingine, na jalada likawa linahamishwa kutoka droo hadi droo. Bibi Mizani anaondoka Ijumaa akiwa Kaimu, mwaka wake wa kumi na nane. Nilimwuliza wiki iliyopita kama inamuuma. Alisema inamuuma, hasa mwisho wa mwezi. Nilitarajia jibu la hekima zaidi nipate cha kuandika hapa, lakini hilo ndilo alilotoa.

Bado ninadaiwa habari ya Jumatatu ile. Alifika kwa fundi cherehani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nyuma yake, maana sikuweza kukaa ofisini. Alimwambia binti kwamba anarudi shule yake ya kwanza, iliyo mwendo wa robo saa, na kwamba hatapimwa na mtu. Wakashikana mikono, tukaenda. Mwalimu mkuu wa kombe alikuwa langoni. Jina la binti kwenye rejista lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Mwalimu mkuu yule akachukua kalamu, akaliandika upya chini, kwa mkono wake mwenyewe, na akamwomba radhi mtoto yule kwa maneno machache yasiyopangika vizuri. Namheshimu kwa hilo.

Filimbi ya dakika ishirini ikalia. Watoto wakaanza kuvua masweta na kuyarundika, na binti, bila kuambiwa, akaenda kwenye rundo akaketi. Aliingiza mikono ya sweta la kwanza ndani. Bibi Mizani akamfuata, akamwambia ainuke. Akaketi yeye pale chini kwenye saruji, na suti yake ya mkutanoni, akajivutia masweta arobaini mapajani. Binti alisimama hajui aende wapi. Wasichana waliokuwa wanaruka kamba walimtazama, kisha mmoja akamwita. Aliruka mara mbili, kamba ikamnasa. Akaruka tena. Alikuwa anakosea, anacheka, anahema, anarudia, na Bibi Mizani alikuwa analia waziwazi huku anakunja masweta vibaya, mikono nje, yote yamechanganyika. Ilituchukua robo saa nzima kujua lipi la nani.

Bibi Mizani, kwa niaba ya Idara, ya shule arobaini na moja, na ya mzee wa kioski, tunakushukuru kwa kazi yako. Kwa niaba yangu mimi niliyegonga mihuri ile mitatu, nakushukuru kwa kunichukua siku ile twende wote. Taarifa yako ya mwisho nimeipokea na kuifungulia faili: watoto wote wameongezeka muhula huu, ndivyo inavyotakiwa. Tunakuombea ustaafu wenye afya, wajukuu wenye kelele, na asubuhi nyingi za kucheza mwenyewe.